Maswali Yako ya Mpira, Mama

Mama, shikamoo.

Safari hii mwenye swali ni mimi. Miaka yote ile wewe uliuliza nami nikajibu, basi niwie radhi leo nikikaa upande wako.

Jumapili iliyopita nilikwenda Ilford kwa Mama Mdogo Saada. Alikuwa ametengeneza mkate wa kumimina, tukakaa jikoni tukikuzungumza, kama tunavyofanya kila tukikutana tangu ulipotutoka. Katika maongezi nikamwambia kwamba sijaona mtu aliyeipenda softboli kama wewe, hata wachezaji wenyewe. Mdogo wako akacheka mpaka akakiweka kikombe chini.

"Dada? Apende mpira?" akasema. "Zuhura mwanangu, mama yako hakupenda mchezo wowote tangu tuko Tanga. Siku ya michezo shuleni alikuwa anajidai tumbo linamuuma. Alikuuliza yale maswali ili usikate simu. Basi, hakuna zaidi."

Nilirudi kwangu Thamesmead, upande wa pili wa London. Nilipobadilisha treni Whitechapel nilikuwa bado nayageuza maneno yake. Sikukasirika, mama. Nilishikwa na hamu ya kujua. Nilijiona kama mtu aliyeishi ndani ya nyumba miaka mingi, halafu akaambiwa kuna chumba hajawahi kukifungua. Ulikuwa unataka kuujua mchezo, au ulikuwa unanishika tu nisiondoke kwenye simu?

Nimeanza kukumbuka tangu mwanzo, nione ushahidi uko upande gani.

Nilitoka Tanga nikiwa na miaka kumi na moja, na rede yangu. Hapa hakuna aliyeijua. Nikawafundisha wasichana wa magorofani kwetu, wa Kinigeria na wa Kikongo, pale kwenye majani chini ya dirisha letu: wawili wanatupiana mpira, mmoja katikati anaukwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Mchanga hatukuwa nao, tukawa tunajaza kokoto. Siku moja ukatoka barazani na nguo mbichi mkononi ukapaza sauti, "Zuhura! Mbona unatupa kama unagombana na mtu?" Wasichana hawakuelewa Kiswahili lakini walielewa sauti, wakacheka. Mimi nikakujibu kwa Kiingereza. Ulisimama kidogo ukaniuliza, "Na Kiswahili changu umekiweka wapi?" ukaingia ndani.

Sasa huo mpira wa kugombana ndio aliouona mwalimu wa michezo shuleni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye filimbi shingoni hata akiwa anakula. Akaja nyumbani kukuomba uniruhusu nijiunge na timu ya wasichana ya softboli inayofanya mazoezi kwenye uwanja wa wazi kila Jumamosi. Nilikaa katikati yenu nikitafsiri. Ulimuuliza wanavaa nini, wanakula nini, wanarudi na nani. Halafu ukamuuliza, "Na mchezo wenyewe ukoje?" Masikini mwalimu alifikiri utaridhika na jibu fupi.

Akaeleza kwamba mrushaji anasimama katikati, anauzungusha mkono na kuurusha mpira kutoka chini, kwa kasi. Mpigaji wa timu ya pili anajaribu kuupiga. Akiupiga vizuri anakimbia kutoka besi hadi besi, yaani kituo hadi kituo, na akizunguka zote nne amepata bao. Mimi nikatafsiri kwamba mpigaji anashika gongo.

"Gongo?" Ulinitazama kwa mshituko. "Watoto wanapewa gongo?"

Ilinibidi nikumbuke kwamba kwa watu wa kwetu gongo ni pombe. Nikasema basi ni mti, mti wa kupigia. Ukashusha pumzi. Nakumbuka mwalimu alivyotutazama tukicheka, akacheka na yeye bila kujua anacheka nini.

Nilipopata ufadhili wa masomo Marekani, nilikuwa ndio kwanza nimetoka kwenye timu ya vijana. Chuo kikuu kilikuwa katikati ya nchi, mahali penye mahindi kila upande. Ukasema, "Kwa mahindi hayo, ugali hutakosa." Nilipofika nikakupigia kukuambia mahindi yale ni ya ng'ombe. Ukajibu, "Waambie hao ng'ombe wana bahati."

Hapo ndipo zilipoanza simu zetu za Jumapili. Kwako ilikuwa alasiri, kwangu asubuhi. Ulikuwa umepumzika, jiko la shule ulimokuwa ukipika limefungwa mpaka kesho, na ulikuwa na maswali.

Kwa nini mtu anaruhusiwa kuiba besi, na refa yupo anatazama? Mdakaji, yule wa nyuma ya mpigaji, anachuchumaa muda wote ule, magoti yake yanasemaje? Mnanong'onezana kwa vidole, je, na wenzenu wakiviona?

Nilijibu kwa Kiswahili kwa sababu ulikataa jibu la Kiingereza. "Hilo neno silijui," ulikuwa unasema, hata kwa maneno ambayo nilijua unayajua, wewe uliyekuwa unapigizana kelele na watu wa manispaa kuhusu bomba linalovuja na kuwashinda. Nikawa natafuta maneno. Mpira unaokuja kasi halafu unainuka mbele ya mpigaji, tukauita mpira wa kupanda. Ule unaotoka mkononi kama wa kasi lakini unakuja polepole, mpigaji akapiga hewa, ukauita wewe mwenyewe mpira wa ahadi, ukakataa kunieleza ulikuwa unamfikiria nani. Wenzangu chumbani walikuwa wanasikia nikisema peke yangu kwa dakika nyingi, wakadhani nahubiri.

Ule mwaka wa kwanza sikucheza, mama. Nilikuwa benchi na blanketi miguuni, kocha hata jina langu alilikosea. Kila Jumapili nilikuambia mambo ni mazuri. Wewe ukauliza, "Ukikaa hapo benchi unaona nini?" Nilikuwa sijakuambia kwamba nakaa benchi. Nilishtuka, lakini nikakujibu. Nikakuambia kwamba nawatazama wapigaji miguu. Mpigaji akiogopa mpira wa ndani, unaopita karibu na mwili, mguu wake wa mbele unakimbia kabla ya yeye mwenyewe kujua. Ukasema, "Enhe. Na mwingine?" Nikaeleza mwingine. Tulipomaliza niligundua kwamba nilikuwa nawajua wapigaji wa vyuo vyote vya ukanda wetu.

Basi mrushaji wetu mkubwa alipoteguka kifundo cha mguu mwaka wa pili, kocha alinitazama mimi kwa kukosa mwingine. Nilikwenda katikati nikaanza kuwatazama miguu. Tulishinda siku ile na iliyofuata. Kabla ya mwaka kwisha watu walikuwa wanakuja uwanjani na mabango yenye jina langu, safari hii limeandikwa sawasawa. Mwaka wa tatu nikachaguliwa mrushaji bora wa ukanda. Mwaka wa mwisho tukafika kwenye mashindano makubwa ya vyuo, yale yanayoonyeshwa nchi nzima, na huko nikacheza na chuo kilichokuwa kinaogopwa na kila mtu, wasipate kuupiga mpira wangu hata mmoja ukaanguka salama. Gazeti la chuo lilijaza ukurasa. Nilikupigia nikiwa bado na vumbi usoni.

"Hawakupiga hata mmoja?" ukauliza.

"Hata mmoja, mama."

"Sasa hao walikuja kufanya nini?"

Tulitolewa mchezo uliofuata. Lakini nilikuwa nimeshaonekana, na timu ya kulipwa ikanichukua. Watu wa hapa walidhani nimekuwa tajiri. Wewe ulijua ukweli: ligi ndogo, mabasi marefu, viwanja vya miji ambayo jirani zake hawaijui, na wanawake wazima wanaocheza kwa mapenzi na kwa kiburi, ambao wengi mchana wana kazi nyingine. Niliipenda sana. Sijapenda kitu hivyo.

Halafu ukaja. Mama Mdogo alikusindikiza uwanja wa ndege na akakufungia chapati kana kwamba unakwenda jangwani. Ulikaa safu ya mbele nyuma ya wavu, na kanga yako juu ya koti ingawa jua lilikuwa kali. Wenzangu walikuja kukusalimia mmoja mmoja, ukawashika mikono na kuwauliza kila mmoja anacheza wapi na kwa nini hapo.

Nataka nikisimulie kisa hiki kama nilivyokiona mimi, kwa sababu wewe ulikisimulia Thamesmead nzima kwa namna yako.

Tulikuwa tunaongoza kwa bao moja, raundi ya mwisho. Walikuwa na mkimbiaji kwenye besi. Akaja mpigaji wao mrefu. Nikamrushia mpira wa kupanda, mpira wangu, ule ulionipeleka chuo kikuu na kunitoa. Haukupanda. Ulinyooka kama barabara. Alipoupiga nilijua kwa mlio kwamba umekwenda, mabao mawili yao. Sikugeuka. Nilikuwa natazama chini, na katika kimya cha uwanja mzima wa nyumbani nikasikia mtu mmoja anapiga makofi na vigelegele.

Ulikuwa umesimama, mama. Mpira umevuka uzio na miti nyuma ya uzio, na wewe umeinua mikono, kanga imeanguka, unashangilia kwa nguvu zako zote pigo lililomshinda mwanao. Mdakaji wangu alivua barakoa yake akanitazama, akauliza, "Yule si mama yako?" Nikasema ndiye. Akaanza kucheka. Nikacheka na mimi. Uongozi wetu nilikuwa nimeupoteza, na machozi ya kicheko yananitoka.

"Hamkuniambia kwamba unaweza kwenda mbali namna ile," ulijitetea tulipokaa kula. "Kizuri ni kizuri." Kisha ukamega kipande cha mkate, ukaniuliza, "Na ule mpira, kwa nini haukupanda?"

Nikasema nilikosea.

"Ulikosea nini?"

Nikasema sijui, nilichoka.

"Ulichoka wapi?"

Hakuna aliyeniuliza hivyo, si kocha wala daktari wa timu, kwa sababu nilikuwa nimehakikisha hawana sababu ya kuuliza. Bega lilikuwa linanichoma tangu mwanzo wa msimu. Nilikuwa nalificha kwa barafu na kwa uongo mdogomdogo. Wewe hukulitaja bega. Ulikaa unatafuna, unasubiri, macho yako kwangu, na mimi nikajikuta nakuambia, "Hapa," na kuugusa mkono wangu wa kulia kwa juu.

Wiki ile nilikwenda kupigwa picha. Msuli ulikuwa umechanika. Daktari alisema ningerusha hivyo mwezi mwingine mmoja, ungekatika wote. Nikafanyiwa upasuaji, nikakaa nje msimu mzima, na ulikuwa msimu mbaya kuliko benchi la chuoni. Niliporudi kasi yangu ilikuwa imepungua. Wapigaji walinisubiri kwa hamu. Ndipo nikauchukua ule mpira wako wa ahadi na kuufanya kazi yangu. Walipiga hewa mwaka mzima. Tulichukua ubingwa wa ligi, na picha ile ninayoipenda, nimebebwa juu na wenzangu mdomo wazi, ulikuwa umeibandika mlangoni kwa friji ukiwaonyesha hata mafundi wa gesi.

Kisha moyo wako. Msimu ulipokwisha nilikuja moja kwa moja London, kwenye ile hospitali ya katikati ya mji wanakopeleka watu wa moyo kutoka kila upande. Nilikaa nawe kila siku. Hukutaka kuzungumza habari za ugonjwa. Ulitaka nikueleze tena ile sheria ya mpigaji aliyekosa mara ya tatu. Nimekueleza, nadhani, tangu nikiwa chuoni. Nilikueleza tena, mara nyingine kwa haraka, kwa sababu nilikuwa natazama mashine zako. Ulifanyiwa upasuaji, ukaamka, ukala uji. Juma lililofuata ukaondoka alfajiri, Mungu akurehemu, na Mama Mdogo ndiye aliyeushika mkono wako wa kushoto nami wa kulia.

Nikarudi kucheza msimu mmoja wa mwisho. Nilicheza vizuri. Lakini Jumapili zilikuwa ndefu, na mambo ya uwanjani yalibaki kichwani bila kwenda popote. Nikaaga. Sasa nafundisha michezo kwenye shule moja hapa kusini ya mto.

Hayo ndiyo niliyoyapanga kichwani baada ya Ilford, mama, na bado sikuweza kuamua. Nikampigia Mama Mdogo. Naye, akiwa amechoka na mimi, akasema, "Kama unanibishia, kamwulize yule Bi Kusum aliyelala kitanda cha pili yake. Walikuwa wanaongea hao mpaka manesi wanawanyamazisha."

Nilikuwa namkumbuka kidogo: bibi wa Kihindi mwenye shali ya kijivu, aliyelala kila nilipokuja, au aliyejifanya kulala ili atuachie nafasi. Mama Mdogo alikuwa na namba yake. Jana nilikwenda Rayners Lane, safari ya kuuvuka mji wote. Mwanawe ana duka karibu na stesheni, nyumba yao iko barabara ya nyuma. Alinifungulia mwenyewe akiegemea fimbo, akanitazama mabega kabla ya uso.

"Wewe ndiye Zuhura wa mpira," akasema, Kiswahili chake kile cha Mombasa alikozaliwa. "Ingia, mwanangu. Mamako kanichosha na wewe."

Akaniwekea chai ya tangawizi na sahani ya chevda, kile kitafunio cha Kihindi cha kukaanga. Nikamwambia lililonileta. Aliinuka taratibu, akaleta machungwa manne kutoka jikoni, akayapanga mezani kwa umbo la almasi.

"Hii besi ya kwanza, hii ya pili, hii ya tatu, hapa nyumbani," akasema. "Mpigaji akikosa mara ya tatu, ametoka. Lakini mdakaji akiuangusha mpira, na besi ya kwanza haina mtu, mpigaji ana ruhusa ya kukimbia. Kama wawili washatoka, anakimbia hata ikiwa na mtu. Sawa ama si sawa?"

Ilikuwa sawa, mama. Ilikuwa sawa kuliko wanavyoieleza marefa wengine. Ni ile sheria uliyoniuliza kila siku hospitalini.

"Nani kakufundisha?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Mamako. Asubuhi, wewe hujafika bado. Machungwa yangu yote aliyamaliza kwa besi. Nikamwambia, dada, na unajua hivi vyote, mbona huyu mtoto akija wamwuliza tena?"

Akanywa chai. Nilikuwa nimeshika kikombe changu kwa mikono miwili.

"Akanambia: 'Nikimwuliza hali, atasema mzima. Amesema mzima tangu ana miaka kumi na moja. Nikimwuliza habari za mpira, hapo ndipo najua kama ni mzima kweli.'"

Nilikaa kwa Bi Kusum mpaka mwanawe akafunga duka. Alinipa machungwa mawili ya njiani.

Basi mama, sitakuambia hali yangu. Sikiliza habari za mpira.

Nimeanzisha timu ya wasichana hapa Thamesmead, kwenye uwanja ule wa nyuma ya maduka. Wengi ni watoto wa Kikongo na wa Kinigeria, na mmoja wa Kisomali ambaye anakimbia mpaka unamwonea huruma mdakaji. Leo upepo ulikuwa mkali. Kuna mmoja, Grâce, mama yake anatoka Bukavu, naye anakielewa Kiswahili ila anajibu kwa Kiingereza. Mkono wake ni mrefu, haujui uendako. Leo ametupa mpira mmoja nyuma badala ya mbele, ukampita kila mtu ukaingia mferejini, tukauopoa kwa mti wa kupigia tukilowa mpaka magotini. Nikamwuliza, kwa Kiswahili, "Uliuachia wapi?" Akaufikiria mkono wake muda mrefu, akauzungusha polepole hewani, akasimama nusu ya njia. "Hapa," akasema. Alilisema kwa Kiswahili, bila mwenyewe kutambua.

Nikamwambia ajaribu tena. Nikavaa glavu nikachuchumaa nimdakie mwenyewe, na magoti yangu, mama, kwa kuwa uliwahi kuuliza, yanalalamika. Mpira wa kwanza ukaenda kushoto. Wa pili ukadunda. Wa tatu ulikuja moja kwa moja, kasi, na karibu na uso wangu ukainuka. Uliniponyoka, ukanipita juu ya glavu. Nilianguka kwa nyuma kwenye matope mbele ya watoto wote, na nikabaki hapohapo chini natazama mawingu, nacheka, huku Grâce ananiuliza kama nimeumia na mimi nashindwa kumjibu.

Sauti yangu unaisikia. Amua mwenyewe.

Pumzika, mama. Jumapili nitakuwepo.

Mwanao,
Zuhura